Mechi ya Juu ya Meza

Kitana ni msusi. Jina lake la kwenye cheti analijua yeye na watu wa vitambulisho. Wengine wote humwita Kitana, kwa sababu kitana hakimtoki kichwani, na ukimuuliza kiko wapi atakisaka saluni nzima huku kimechomekwa nyweleni mwake. Saluni yenyewe ina viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni na redio ambayo haijawahi kusikika, maana wateja wake huongea kuishinda. Ana miaka arobaini na mbili. Mpaka mwaka jana, kompyuta kwake ilikuwa kile kitu cha mezani kwa watu wa benki ambacho siku zote humgeuzia mgongo.

Aliyemtia kwenye mambo haya ni baba yake, tena bila kujua.

Baba yake mtaa mzima unamwita Refa. Alichezesha mpira miaka ishirini na sita, kwenye nyasi na kwenye vumbi, na hujisifu kwamba alitukanwa na timu zote bila upendeleo. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, kiharusi kikamwangusha. Mguu ulirudi baada ya wiki chache. Maneno yalirudi, na sauti nayo ikarudi yote, majirani wakajua. Mkono wa kulia ndio haukurudi. Ulilala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyeomba atunziwe kidogo.

Mtaalamu wa viungo, mama mmoja asiyepoteza maneno, aliwaambia wazi. Mkono haujafa. Unataka kuinuliwa, kila siku, mara nyingi mpaka mgonjwa achoke na kuchoka. Na miezi sita ya mwanzo ndiyo yenye kazi. Ikipita hiyo, utakavyokuwa ndivyo utakavyozoea kubaki. Refa alikuwa amekwisha kula miwili kati ya hiyo akitazama ukuta.

Si kwamba alishindwa kabisa. Alikataa. Alipewa kijiti akiinue, akakitazama kwa jicho lile lile alilokuwa akiwatazamia mabeki.

"Nikiinua, halafu?" alimuuliza binti yake.

"Halafu unashusha, baba."

"Kwa hiyo kinarudi pale pale kilipokuwa."

"Ndiyo, lakini mkono unapata nguvu."

"Basi mwambie huyo mama aje akiwa na kazi ya kunipa. Kuinua kijiti na kukishusha si kazi, ni uvivu wenye jasho."

Mama yake Kitana alitoka kwenda jikoni na kubaki huko muda mrefu kuliko unavyohitaji kuosha vikombe viwili. Kitana alimsikia akipenga kamasi, na usiku ule hakupata usingizi mzuri. Alimwogopea baba yake. Ulemavu haukumtisha sana. Kilichomtisha ni ule ukuta, na jinsi mzee alivyoanza kuuzoea.

Tangazo aliliona kwenye mlango wa maktaba alipokwenda kujikinga na mvua. Mafunzo ya kutengeneza michezo ya simu na uhalisia ulioongezwa, kila Jumamosi, bila malipo, umri wowote. Maneno ya katikati hakuyaelewa. Aliyaelewa ya mwisho, akaingia.

Mwalimu alikuwa dada mrefu, mpole, mwenye subira isiyoisha. Siku ya kwanza aliwapa simu, akawaambia waielekeze sakafuni. Kwenye simu kikaonekana kiti chekundu katikati ya chumba, kimetulia na kivuli chake. Ukishusha simu, sakafu tupu. Mzee mmoja mstaafu wa posta alikwenda kukipapasa pale kilipokuwa, akageuka kuwaambia wenzake, kwa huzuni ya kweli, kwamba hakipo.

Wanafunzi wengine walihangaika na maelezo. Kitana alielewa papo hapo. Kumbe ni nywele za kuongezea tu. Una kichwa cha mtu, hicho ni cha kweli, na una nywele za dukani. Kazi yote iko kwenye kushika. Ukisuka vizuri hakuna atakayejua za mtu zinaishia wapi. Ukisuka ovyo, mteja anafika kituoni na rasta moja iko begani. Mwalimu alisema hajawahi kusikia ikielezwa hivyo, na wiki iliyofuata aliieleza hivyo hivyo kwa darasa jingine.

Kuelewa ni jambo moja, kutengeneza ni jingine, na Kitana alivuna aibu zake kwa zamu. Mpira wake wa kwanza ulipita katikati ya meza ukaenda zake chini ya ardhi, kwa sababu alisahau kuiambia programu kwamba meza ni kitu kigumu. Mchezaji wake wa kwanza alikuwa na kimo cha kabati, na alipomfupisha akawa kama punje ya mchele. Lakini vidole vya msusi vimezoea kufumua na kuanza upya, wala hakuona ajabu. Kati ya mteja na mteja alikuwa akifungua kompyuta ya kuazima, akaunganisha kisanduku hiki na kile: hiki kikitokea, kile kifanyike. Wateja wakaanza kumpa ushauri, kila mmoja wa kwake, na wote ulikuwa mbovu.

Wiki ya tano alikwenda nyumbani kwa wazazi wake na mchezo kamili. Alifunga simu kwenye kishikizo kirefu nyuma ya kiti cha Refa, pembeni kidogo upande wa kulia, ikitazama meza juu ya bega lake. Akaiunganisha na televisheni iliyo mbele. Refa akaiona meza yake mwenyewe kwenye televisheni, na kitambaa chake chenye doa la chai. Na juu ya kitambaa, wachezaji kumi, urefu wa kidole, wakikimbizana na mpira.

"Wewe ndiye refa," Kitana alimwambia. "Mtu akicheza rafu, unainua kadi. Simu ikiiona kadi, mechi inasimama."

Macho ya mzee yaliondoka ukutani. Dakika moja haikwisha, mchezaji mmoja akaanguka karibu na bakuli la sukari.

"Haya baba, faulo."

"Faulo ya nani?"

"Si ameanguka?"

"Ameanguka. Hata mimi nimewahi kuanguka. Nani kamgusa? Mwanangu, hapa hakuna kosa. Huyu anajiangusha, na wewe ndiye unayemfundisha."

Ni kweli, Kitana ndiye aliyemfundisha. Alikaa na baba yake mpaka adhuhuri, mzee akimweleza faulo ni nini: mguu unaofika kabla ya mpira, kiwiko kinachojifanya kinatafuta njia, shati linalovutwa refa akiwa ametazama kwingine. Alieleza kwa mkono wa kushoto. Kitana aliandika kurasa nne. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu na zaidi kwa mzee kuongea hivyo, na chai ilipoa mbele yao wote wawili.

Aliporudi Jumamosi iliyofuata, wachezaji walikuwa wakichezeana rafu za haki kabisa. Mbaya kuliko wote alikuwa namba tano, beki, ambaye Kitana alimpangia kumkwatua mtu kila baada ya muda, na akiona hakuna kadi azidishe. Refa alimchukia namba tano ndani ya dakika mbili, na hilo likamfurahisha Kitana mno.

Tatizo likawa kadi. Kitana alikuwa amekata kipande kizuri cha karatasi ngumu ya njano, safi, kisicho na doa. Simu haikukiona. Alikipeleka mbele, nyuma, karibu, mbali, wapi. Mwalimu, kwa simu, alimweleza kwamba kamera hushika alama, kona na madoadoa, na kadi tupu haina pa kushikwa. Kitana akacheka mwenyewe. Alikuwa amejaribu kumsuka mwenye upara.

Basi akachukua kalamu nyeusi akaichora kadi nzima mistari ya kusuka, ya kwenda na kurudi, akajisifu moyoni. Refa aliigeuza geuza.

"Hii ni kadi au mkeka?"

"Ni kadi, baba. Ile michoro ni ya simu."

"Mchezaji nikimwonyesha hii ataniuliza inauzwa wapi."

Na alipokataa, alikataa. Kitana alijaribu kumbembeleza, akajaribu kununa, na vyote alivirithi kwa mzee mwenyewe kwa hiyo havikufua dafu. Mama yake ndiye aliyekwenda chumbani na kurudi na shati la zamani la kuchezeshea mpira. Mfuko wa kifuani ulikuwa bado na kadi ya njano, kingo zimelika. Upande mmoja ulikuwa mtupu. Upande wa pili ulijaa wino: namba za wachezaji, dakika, makosa, mechi juu ya mechi, na nafasi ilipokwisha aliandika pembeni kwa herufi za sisimizi.

"Upande wa maandishi hunitazama mimi," Refa alisema. "Mtupu unamtazama mchezaji."

Na simu ilikuwa nyuma yake. Kitana aliipiga picha kadi upande wa wino, akaiingiza kwenye mchezo, na simu ikaishika bila kusita. Hakuna mtaalamu wa alama ambaye angechora vizuri kuliko ile hasira ya miaka ishirini na sita.

Kitana aliogopa jambo moja: kwamba mzee angeinua kwa mkono wa kushoto, kwani simu haikujali ni upi. Alikuwa ameandaa hotuba. Hakuitumia. Refa alidai filimbi, akaishika kushoto, kama alivyoishika maisha yake yote, na kushoto pakawa pamejaa. Kadi ikabaki kulia. Kudanganya kwenye mechi hakukumpitia hata akilini.

Siku ile mkono uliinuka kimo cha kitovu. Simu iliyokaa pembeni iliiona kadi, mechi ikasimama. Baada ya wiki tatu za mechi kila siku, ulifika kifuani. Na kifuani ukagoma. Wiki moja, mbili, tatu. Mtaalamu wa viungo aliupima, akaandika namba ile ile ya wiki iliyopita. Mwezi wa tano tangu kiharusi ulikuwa unakaribia kwisha. Refa mwenyewe alimwambia Kitana, bila uchungu, kwamba kifuani panatosha kwa mtu wa umri wake. Kitana alikwenda kumwaga machozi kwenye kiti chake mwenyewe cha saluni, akaosha uso, akafungua mlango kwa mteja wa saa tatu.

Jumatano alipopita kuwasalimu, mechi ilikuwa imeshaanza. Mama yake alikuwa amefagia asubuhi na kukirudisha kishikizo cha simu kwa makadirio, katikati, nyuma kabisa ya mgongo wa mzee. Hakuna aliyejua kwamba kitu kimebadilika. Namba tano alimkwatua mtu. Refa akapuliza filimbi, akainua kadi mpaka kifuani.

Mechi iliendelea. Mgongo na bega vilikuwa vimeiziba kadi, simu haikuona kitu.

"Wewe," Refa alimwambia namba tano.

Namba tano, kama alivyofundishwa, alipoona hakuna kadi, akamwangusha wa pili.

"Wewe, nakuona. Unafikiri sikuoni?" Kadi ilipanda kidogo. Namba tano akaenda kwa wa tatu, akamvuta shati mbele ya bakuli la sukari, mchana kweupe. Refa alivimba shingo. Kitana alikuwa mlangoni na viatu mkononi, na alipotazama kishikizo akaelewa, akapiga hatua moja kwenda kukisogeza. Halafu akasimama. Ilimuuma kusimama pale akitazama mkono ule ukihangaika, lakini alisimama.

Filimbi ililia mpaka mama akatoka jikoni. Mkono ukapita kifua. Ukapita bega. Ukavuka kidevu, kiwiko kikanyooka kama kinavyonyooka kwa mtu aliyefanya jambo hilo mara elfu, na kadi ikasimama juu ya kichwa cha mzee. Kwenye televisheni wachezaji wote kumi wakatulia.

"Umeiona sasa," Refa alisema.

Kisha naye akauona mkono wake. Aliutazama kwenye televisheni, akainua uso kuutazama wenyewe, ukiwa juu. Filimbi ilimtoka mdomoni. Mkono haukushuka.

"Baba, shusha basi upumzike," Kitana alisema.

"Nikiushusha na usipande tena?"

Alikuwa akiogopa, na hakuficha. Kitana hakuwahi kumwona baba yake akiogopa kitu mbele ya watu. Aliweka viatu chini, akaja kukaa kando yake, macho kwenye televisheni.

"Ukishusha tu, mechi inaendelea," alisema. "Na namba tano bado yumo."

Refa alimtazama namba tano muda mrefu. Akaushusha mkono taratibu, mpaka mapajani. Wachezaji wakaanza kukimbia. Kitana alihesabu kimya kimya, kwa sababu yeye ndiye aliyepanga na alijua ni sekunde ngapi, na mama yake alimshika bega kwa nguvu.

Namba tano akateleza, miguu mbele.

Mkono ukapanda.