Rehani na Pijo Iliyokatwa Springi

Rehani Mhina alipenda vitu vizuri tangu ujana wake. Alipokuwa dereva wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe, madereva wenzake walishinda na kaptura zenye mafuta. Yeye alipiga pasi shati jeupe kila asubuhi, na akimaliza kufuta vioo vya gari, kitambaa alikikunja pembe nne kabla ya kukirudisha mfukoni. Serikali ilipotaifisha mashamba, Mgiriki alifunga mizigo arudi kwao. Badala ya kiinua mgongo alimwachia Rehani gari lenyewe, Pijo 404 ya rangi ya maziwa. Rehani alimsindikiza stesheni na kulia mbele za watu. Halafu akafuta machozi, akaenda kuliosha gari lake.

Kufikia mwaka wa sabini na mbili, Pijo ile ilikuwa teksi inayojulikana kuanzia Mombo hadi Handeni. Ilibeba wagonjwa, walimu, magunia ya mahindi yaliyofungwa vizuri yasichafue viti, na mara moja ilimbeba mbuzi aliyekuwa mahari. Lakini kazi aliyoipenda Rehani kuliko zote ilikuwa kubeba maharusi. Siku hizo bibi harusi wa kwetu alipandishwa kwenye Landrova ya chama cha ushirika, shangazi mmoja akimvuta mkono kutoka ndani na mwingine akimsukuma kutoka nje, mashela yakinasa mlangoni.

"Mwanamke siku ya harusi yake hapandi," Rehani alikuwa akisema. "Anaketi tu, kama anaketi kitandani kwake."

Siku moja, akiwa kwa kinyozi, alifungua gazeti la Kizungu lililochakaa akakuta picha ya gari la mashindano. Lilikuwa limelala chini kama mamba juu ya mchanga wa mto. Rehani aliitazama picha hiyo mpaka kinyozi akamwuliza kama anataka kunyolewa au kusoma. Kesho yake akaenda kwa Mbaruku, aliyekuwa na kibanda cha kuchomelea vitanda na mageti karibu na stesheni.

"Nataka unikatie springi za gari, mbele na nyuma," alimwambia.

Mbaruku alikuna kichwa. "Nikate kiasi gani?"

"Kata mpaka lipendeze."

Mbaruku akakata mpaka lilipopendeza. Na lilipendeza kweli, tusimnyime mtu haki yake. Jioni ile Rehani alipopita sokoni taratibu, wauza vitumbua walisimama. Gari lilikuwa limeinama, tumbo karibu na vumbi, linang'aa. Bibi harusi wa kwanza aliyelipanda alirudi nyuma hatua moja tu, akaketi, akavuta miguu ndani, na hata ushungi wake haukusogea. Mashangazi walipiga vigelegele. Wiki ile ile maombi yakaanza kuja kutoka Muheza, kutoka Handeni, kutoka mashamba yote ya mkonge yaliyokuwa na mabinti.

Shida ilianza kimya kimya. Usukani ulikuwa ukivuta kushoto kidogo, Rehani akauzoea. Kwenye lami ya Segera gari lilikuwa likitapatapa kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, naye akasema ni upepo. Kisha siku moja alipiga jeki atoe mwiba, akapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi la mbele. Kwa nje tairi lilikuwa na meno mazima, kama lilinunuliwa jana. Kwa ndani lilikuwa laini kama goti la mtoto, na nyuzi zimeanza kuchungulia.

Aliwalaumu waliotengeneza tairi. Akabadilisha, la kulia akaliweka kushoto, nalo likaisha. Akailaumu barabara. Mwisho akaona ni kijicho cha watu, akaning'iniza hirizi kwenye kioo. Hirizi ikakaa pale inabembea, na tairi zikaendelea kuisha. Wakati huo tairi hazikuwa kitu cha kuingia dukani na kutoka nacho. Uliandikisha jina, ukasubiri, ukaambiwa zimekwenda mkoa mwingine, ukasubiri tena.

Aliyemwambia ukweli mapema alikuwa mzee Laurenti. Huyu alikuwa fundi wa karakana ya shamba la mkonge. Baba yake alikuja kutoka Songea kukata mkonge, akafia hapa hapa, na Laurenti mwenyewe alizaliwa kambini. Siku moja kwenye kituo cha mafuta alisimama mbele ya Pijo, akainama, akainamisha na shingo.

"Rehani, mwanangu, hili gari lako linatembea kama bata."

Watu waliokuwa pale wakacheka. Rehani akawasha gari akaondoka hata shikamoo hakumpa. Alikasirika siku nzima.

Basi mwezi wa saba, baada ya mavuno, akapewa harusi kubwa. Bibi harusi alikuwa Mwatumu wa Kang'ata, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, binti aliyewafundisha wazee wa kijiji kizima kuandika majina yao. Bwana harusi, Abdi, alikuwa mfanyakazi wa reli pale Korogwe. Nikaha ilifungwa asubuhi huko huko Kang'ata. Abdi na watu wake wakatangulia na lori kwenda kuandaa mapokezi, na Mwatumu akafuata ndani ya Pijo pamoja na shangazi yake, Swaumu. Swaumu alikuwa mjane ambaye hata miaka arobaini hajafika, na alisema chochote kilichomjia mdomoni.

Walipita Handeni mjini salama. Korogwe haikuwa mbali tena, Rehani akiwa anapiga mluzi, tairi la mbele kushoto lilipopasuka kwa kishindo. Gari lilikwenda upande, likalima vumbi kwa tumbo lake, likasimama kando ya shamba la mahindi. Hakuna aliyeumia. Rehani akatoka mbio, akatoa tairi la akiba, akalifunga huku jasho linamchuruzika kwenye shati jeupe. Hawakufika mbali. La akiba nalo lilikuwa moja ya yale yaliyoliwa kwa ndani, na lilipumua taratibu, kama mzee anayekaa chini, likalala.

Swaumu akashuka. Alilizunguka gari, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Kaka dereva, hebu njoo usimame hapa. Unaona ninachokiona? Magurudumu yametanuka chini kama miguu ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Na wewe umemtia mtoto wangu humu."

"Dada, ni bahati mbaya tu..."

"Bahati mbaya haina miguu. Hii ina miguu, na imepinda."

Baadaye Rehani alisema kwamba pale ndipo alipotamani ardhi ipasuke imeze gari na yeye akiwa ndani. Lakini Mwatumu alikuwa ameshafungua mlango. Alisimama kando ya barabara na mashela yake na hina mikononi, akawaona wanawake wa kijiji cha ujamaa wanaokusanya mabua katika shamba la pamoja. Nao wakamwona. Mabua yalianguka. Wakaja wanakimbia, wakitaka kujua ni bibi harusi wa nani na amefanywa nini. Mmoja akaleta kigoda, mwingine maji ya kunywa, na bibi mmoja mwenye meno mawili akaanzisha wimbo wa harusi wa Kizigua ambao Swaumu alikuwa hajausikia tangu utotoni. Akauitikia, hasira zikampungukia.

Kijiji kile kilikuwa na trekta jipya walilogawiwa msimu ule. Mwenyekiti wao, mtu mmoja aitwaye Semboja, alifika akatazama, akafikiri kidogo.

"Trekta ni mali ya wote," alisema. "Na harusi ni ya wote. Fungeni tela."

Ndivyo Mwatumu alivyoingia Korogwe. Walimweka kwenye kiti juu ya tela, wanawake wamemzunguka na ngoma mbili, shangazi Swaumu amemshikia mwavuli. Trekta lilitembea polepole, na kila walipopita watu walitoka majumbani. Abdi, aliyekuwa ameanza kuogopa kwamba bibi harusi amebadili nia, alisikia ngoma kabla ya kuona kitu. Alipoliona trekta alicheka mpaka akashika ukuta. Mwatumu alisema miaka yote kwamba hakuna harusi aliyowahi kuionea wivu.

Rehani alibaki peke yake na gari lake kando ya shamba. Alasiri lori la shamba la mkonge likapita, na ndani yake alikuwamo mzee Laurenti. Lori likasimama. Safari hii Rehani ndiye aliyetangulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, naomba unieleze lile la bata."

Laurenti hakumcheka. Walilivuta gari mpaka uani kwake, Korogwe ya Zamani, na kesho yake akachukua kamba ya mkonge, akaifunga kwenye vigingi, akaivuta moja kwa moja kila ubavu wa gari kuanzia nyuma hadi mbele. Akamwambia Rehani apime kutoka kwenye kamba mpaka ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu ya gurudumu la mbele, kushoto na kulia. Rehani akapima. Upande wa mbele wa kila gurudumu ulikuwa karibu na kamba kuliko upande wa nyuma.

"Unaona? Gurudumu hili linataka kwenda shambani, na lile linataka kwenda mtoni. Wewe unayalazimisha yote mawili yaende Handeni. Kwa hiyo yanakwenda yakiburuzika."

"Na huku kuinama kwa magurudumu?"

"Gurudumu linashikwa na mikono ya chuma. Ukilishusha gari, mikono inabadili pembe. Gurudumu linaingia ndani kwa juu, linatoka nje kwa chini, uzito wote unakaa ukingo wa ndani. Kule kutanuka kama bata naweza kukunyooshea sasa hivi, kwa spana. Lakini huku kuinama hakuna spana yake. Gari lirudi juu."

Rehani alipangusa vumbi kwenye boneti. "Mpaka lilipokuwa kwanza?"

"Karibu na hapo. Nitakuachia vidole viwili vya uzuri."

Walipata springi kwenye Pijo mbovu iliyokuwa ikioza nyuma ya gereji huko Mombo. Walizifunga, gari likainuka, ndipo Laurenti akalegeza vyuma vya usukani na kuvizungusha kidogo kidogo, Rehani akipima na kupiga kelele "bado", "bado", mpaka akasema "hapo". Walifunga tairi za kuazima, wakazichora chaki upana wote, wakaendesha mpaka darajani na kurudi. Chaki ilikuwa imefutika sawasawa, ndani na nje. Rehani aliitazama ile alama kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake.

Alipata tairi baada ya kusubiri sana, na safari yake ya kwanza ilikuwa Kang'ata, kuomba radhi. Alipeleka sukari na doti moja ya kanga. Wazee walimpokea vizuri, kwani hadithi ya trekta ilikuwa imeshawapa sifa wilaya nzima. Swaumu hakupokea kitu kwanza. Alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akapitisha kiganja upande wa ndani.

"Limepona," alisema.

"Limepona, dada."

"Na wewe?"

Rehani akacheka, akaona haya. Akaanza kuwa na safari nyingi sana za Kang'ata, hata siku ambazo gari lilikuwa tupu. Mwaka uliofuata alipeleka posa.

Siku alizokosa safari alishinda kwa Laurenti. Wawili hao wakawa ndio watu wa kupelekewa gari linalovuta upande au kula tairi. Madereva wa Tanga walianza kwa kuidharau ile kamba, kisha wakapanga foleni. Vijana waliotaka kushushiwa magari yao Rehani hakuwafukuza. Aliwaambia kitakachotokea, akawaacha wachague. Wengine walichagua uzuri, na yeye aliwaelewa kabisa.

Swaumu hakukaa kiti cha nyuma hata siku moja. Mwanzoni alikaa mbele kumwelekeza mumewe, jambo lililowachosha wote wawili, na mwisho Rehani akasimamisha gari njiani, akazunguka, akamfungulia mlango wa dereva. Alijifunza kwenye barabara ya mashambani, akiwatawanya kuku na kuwaomba radhi kwa majina ya wenye kuku. Alipoliendesha hadi Kang'ata kwa mara ya kwanza, wazee walitoka barazani. Kaka yake mkubwa alimwuliza Rehani anajisikiaje kuendeshwa na mwanamke.

"Nimelala toka Handeni," Rehani alijibu. "Hata mashimo sikuyasikia."