Siku Niliyokaa Golini Mahali pa Nassor

Aibu hii, jamani, nawahadithieni nyinyi tu, maana mpaka leo nikipita Nizwa nainamisha kichwa (na huko ndiko waliko wakwe zangu, sina pa kukimbilia).

Mimi ndiye meneja wa timu ya mpira wa magongo ya mtaa wetu hapa Ibra, Oman, na ligi yetu ina sheria kwamba mishahara ya wachezaji wote ikijumlishwa isivuke kikomo. Basi nikamtamani Salim, mshambuliaji nyota wa Sur, nikampa mkataba wa misimu mitatu, watu wakanisifu, nikavimba kichwa, kumbe yeye peke yake keshakula karibu nusu ya kikomo na waliobaki wagawane makombo au waondoke.

Akaondoka Nassor. Mtoto wa shangazi yangu, kipa wetu tangu tukicheza kwenye kokoto za wadi, lile bonde la mto mkavu, na mimi (muoga mkubwa) sikumwendea, nilimtumia ujumbe wa simu kwamba hatuna tena pesa ya kumlipa. Alijibu neno moja: "Kheri."

Hatujacheza sana, goti la Salim likapasuka. Nikataka kuchukua mwengine, msimamizi wa ligi akanambia, "La, ya akhi, ndugu yangu, acheze asicheze, mshahara wake unahesabika." Khalas! Nyota kalala kwao Sur, na nafasi yake kwenye kikomo imejaa.

Ikaja mechi ya Nizwa, sisi na Izki, tukifungwa tunashuka daraja. Asubuhi yake kipa wetu wa bei rahisi akaamka na homa, na kipa wa akiba nilikuwa mimi, nilijiandikisha kwa kuwa silipwi (na kitambi hiki mnakiona). Nikavaa helmeti na yale magodoro ya miguuni, nikaingia, natazama goli la upande wa pili, kipa wa Izki ni Nassor.

Wallahi mabao yaliingia kama watu wa harusi. La mwisho niliruka nikaanguka kifudifudi, helmeti ikageukia kisogoni, nikawa napapasa kizani huku mpira unanigonga mgongoni na kuingia wavuni, uwanja mzima ukavunjika mbavu, nami kuinuka siwezi.

Mkono ulioninyanyua ulikuwa wa Nassor, kavuka uwanja wote. Hakucheka.

"Hukuumia, kaka?"

"Nisamehe, Nassor."

"Ungekuja nyumbani tu tukazungumza," alisema, akinirekebishia helmeti. "Mshahara ningepunguza. Ningekaa hata kwa pesa ya petroli ya gari tu."

Akarudi golini kwake. Sisi tukashuka daraja.

Mkataba wa Salim ulipokwisha, nafasi ikapatikana, nikaenda kwa shangazi kumtaka Nassor arudi. Shangazi akanitilia kahawa, akanisogezea tende, akaita, akaita tena. Nassor hakutoka chumbani.

Nimeapa, simkaribishi nyota yeyote kabla sijakaa uso kwa uso na wale nilionao, lakini kiapo hiki, jamani, nimekila nimeshachelewa.