Tairi Lililogoma Kukaa

Jamani, asubuhi ile Mama Pancha alikuwa hakamatiki! Miaka kumi na tisa amewafungia tairi waendesha pikipiki za mashindano, wakirudi na vikombe wao, yeye akibaki na matope yao. Leo jina lake mwenyewe limo kwenye orodha. Kiwanja kipo ng'ambo tu ya barabara, na ukaguzi wa pikipiki unafungwa saa nne kamili. Akichelewa, basi tena, mpaka mwakani.

Saa tatu na nusu, tairi jipya la nyuma likagoma. Kuingia kwenye rimu liliingia bila taabu, upepo likajaa, lakini kukaa halikukaa. Tairi likikaa, ule mstari mwembamba wa ubavuni, karibu na rimu, huonekana sawasawa mzunguko mzima. Huu ulionekana huku, kule umezama. Mama Pancha akatoa upepo, akapaka maji ya sabuni, akajaza tena. Wapi! Akalidundisha chini, akaligonga kwa nyundo ya mpira, akalitukana kidogo. Wapi!

"Hili lina wivu," alisema. "Halitaki kunibeba."

Mumewe, fundi cherehani wa mlango wa pili, akaja na tepu yake ya kupimia shingoni.

"Mama watoto, mbona povu mpaka kwenye nyusi? Unafunga tairi au unafua?"

"Nipishe, baba watoto! Zimebaki dakika ishirini."

Hakupisha. Mambo ya tairi hayajui, lakini upindo uliokwenda upogo anauona hata akiwa anasinzia. Akachuchumaa, akazungusha gurudumu polepole, akaweka ukucha pale mstari ulipozama.

"Hapa ndipo panapovutwa. Na hii nati kando yake ni ya nini?"

Mama Pancha akatazama, akashika kichwa. Ilikuwa nati ya kibano, kile kidude kinacholishika tairi lisiteleze kwenye rimu wakati wa mbio. Kibano huachwa kimelegea mpaka tairi likae, ndipo kikazwe. Kila mteja amefokewa na yeye kwa kosa hilo hilo! Leo, kwa kiherehere chake, amekikaza kabla ya kujaza upepo.

"Angekuwa mtu mwingine ningemcheka wiki nzima!" alisema, naye akajicheka mpaka machozi.

Spana iko wapi? Akatoa upepo, akalegeza nati, akaisukuma ndani kwa kidole gumba, akapaka povu upya. Kompresa ikanguruma. Tairi likavimba, likalia kriii, halafu pa! Upande wa pili nao, pa! Mumewe aliruka hatua mbili nyuma. Gurudumu likazungushwa: mstari umetulia pande zote. Mama Pancha akapiga kigelegele mpaka kinyozi wa jirani akatoka nje na mkasi mkononi. Nati ikakazwa, gurudumu likarudi mahali pake, mnyororo ukavutwa, na mama huyo akakata barabara akiisukuma pikipiki mbio, mumewe nyuma ameshika kofia ngumu.

Saa nne kasoro dakika mbili alisimama mbele ya mkaguzi, anahema. Mkaguzi alimjua miaka yote hiyo. Akabonyeza tairi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akashika kalamu.

"Kazi nzuri, fundi, kama kawaida yako. Sasa mwite mwendeshaji, muda unaisha."

"Amefika," Mama Pancha alisema, akipokea kofia mkononi mwa mumewe. "Ni mimi."