Baba Mkwe na Visahani vya Udongo

Baba mkwe wangu alinifundisha kulenga shabaha kiangazi kizima bila kunisemesha hata neno moja. Hakuwa na chuki nami. Kwao Mnyambe, huko juu Newala, baba mkwe na mkwewe hawakutazamana usoni wala kuzungumza ana kwa ana. Mimi nililelewa Masasi katika familia ya misheni, lakini niliambiwa mapema na nikakubali kabla ya harusi. Tukikutana njiani nilipisha, nikainama, nikaamkia shikamoo nikiwa nimeyaelekea majani. Naye aliitikia marahaba akiwa ameielekea mikorosho yake.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimepangiwa shule ya pale pale Mnyambe, na kwa desturi ya huko mume ndiye anayehamia kwa mke. Kwa hiyo niliishi uani kwa baba mkwe. Asubuhi nilimsikia akikohoa, jioni nilimsikia akicheka na wenzake, na katikati ya hapo nilijua habari zake zote kupitia kwa mke wangu, kama mtu anayesoma gazeti la jana.

Mzee alikuwa na gobore alilorithi kwa mjomba wake. Lilikuwa refu kunizidi, kitako chake kimefungwa waya wa shaba mahali kilipowahi kupasuka. Cheti chake cha boma alikihifadhi ndani ya mwanzi uliozibwa kwa nta. Kazi ya gobore hilo ilikuwa kufukuza nguruwe pori waliofukua muhogo, lakini nguruwe walikuwa kisingizio tu. Mzee alipenda kulenga. Kila Jumamosi alasiri, shamba likishavunwa, wenye magobore wanne watano wa vijiji vya jirani walikusanyika kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya mashamba, wakapanga vibuyu vibovu juu yake, wakapiga kwa zamu. Kushindilia baruti kwa mdeki, kuweka fataki, kulenga na kufyatua kulichukua muda wa mtu kumaliza kula muhogo wa kuchoma, na muda wote huo walibishana. Moshi ulipotawanyika walikwenda wote pamoja kukagua kibuyu, kisha wakaanza kubishana upya.

Mke wangu alikuwa mfinyanzi. Udongo wake aliuchimba chini bondeni, kule kule wanawake wa huku juu walikoteremka kuteka maji, akaupandisha kichwani. Ufundi wake huo ndio uliotuingiza katika mashindano ya Masasi.

Masasi kulikuwa na mwenye duka mmoja wa Kihindi aliyependa bunduki kuliko biashara yake. Yeye na Bwana Nyama, Mzungu wa idara ya wanyama, walikuwa wameanzisha mashindano ya kila mwaka baada ya mavuno. Watu walishindana wawili wawili, kwa bunduki tatu: gobore kwa vibuyu, bunduki ya marisau, zile punje ndogo za risasi, kwa visahani vinavyorushwa angani, na bunduki ya risasi kwa karatasi iliyochorwa duara. Visahani vyenyewe viliagizwa kutoka mbali, na mwaka ule vilifika Masasi vikiwa vipande vitupu. Mwenye duka akauliza kila dereva wa lori kama anamjua mfinyanzi hodari. Dereva mmoja akamtaja mke wangu.

Mwenye duka alikuja mwenyewe na lori mpaka Mnyambe, amebeba kisahani kimoja kilichosalimika, amekifunga kitambaa kama yai.

Mke wangu alikigeuza, akakigonga kwa ukucha, akakirusha uani. Kilielea vizuri kisha kikavunjikia kwenye mlango wa banda la kuku.

"Hiki nilikuwa nacho kimoja tu, mama," mwenye duka alisema kwa huzuni.

"Nimeshakiona," mke wangu alimjibu.

Ilimchukua wiki tatu kupata kipimo. Akikichoma sana, marisau yaliruka juu yake kama mvua juu ya bati. Akikichoma kidogo, kilimeng'enyeka kabla hakijaondoka mkononi. Mwishowe alivianika siku mbili, akavichoma kwa majani ya migomba tu, moto wa haraka, na vikawa vinavunjika kama biskuti. Alivirusha kwa ufito wa mwanzi uliopasuliwa ncha, kwa namna ambayo hakuna mwingine aliyeiweza. Mwenye duka alifurahi mno hata akatuachia bunduki yake kuukuu ya marisau tuvijaribie, na Bwana Nyama akaandika karatasi ya kuiruhusu ikae kwetu hadi siku ya mashindano.

Ndipo mzee alipotangaza, akimwambia binti yake huku mimi nikiwa hatua nne tu kutoka hapo, kwamba atashindana, na mwenzake atakuwa mwalimu.

"Baba, mwalimu hajawahi kushika bunduki."

"Ana mikono. Yeye atapiga vinavyoruka. Mimi nitapiga vilivyotulia."

Nilidhani ananikomoa. Visahani vinavyoruka ndivyo vigumu kuliko vyote, na mzee ndiye aliyesifika mpaka Tandahimba.

Basi tukaanza. Kila jioni baada ya shule nilisimama kwenye shamba lililovunwa, mke wangu ubavuni na kapu la visahani, mzee nyuma yangu kwenye kigoda, mgongo wake kwangu, uso kwenye mashamba. Alinifundisha akisikiliza tu.

"Mwambie mwalimu asifumbe jicho."

"Baba anasema usifumbe jicho."

"Nimesikia."

"Mwambie, kama amesikia, mbona amelifumba tena?"

Kweli nilikuwa nimelifumba. Sijui alijuaje. Baadaye alisema mtu akifumba jicho huvuta pumzi kwanza, na pumzi inasikika.

"Mwambie asikifukuze kisahani. Akitangulie, akingoje kwenye njia yake."

"Mwambie bunduki aikumbatie. Anaishika kama mtoto wa mtu mwingine."

Bega langu lilivilia damu. Shuleni niliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, wanafunzi wakacheka. Visahani viliendelea kutua salama kwenye majani, na mke wangu aliviokota akaviweka tena kapuni bila kusema kitu, jambo lililoniuma kuliko bega. Halafu jioni moja, wiki ya tano hivi, nilifyatua na kisahani kikageuka vumbi jekundu hewani. Nyuma yangu nilisikia kigoda kikisogea.

"Mwambie," mzee alisema. "Hapana. Usimwambie kitu. Rusha kingine."

Tulishuka Masasi kwa lori, visahani vimepangwa kwenye matenga na nyasi katikati, mke wangu amekalia gunia kati ya matenga mawili, ameweka mkono juu ya kila moja. Kila gurudumu lilipoingia shimoni alimwita dereva jina ambalo sitaliandika. Tulipofika Nanganga kununua ndizi alifungua tenga na kuhesabu. Vilikuwa vimevunjika vinne. Alihuzunika kana kwamba ni watu.

Uwanja wa mashindano ulikuwa nje ya mji, mbele ya kichuguu kipana kuliko chetu, milima ya mawe ya Masasi ikionekana nyuma. Tulikuwa jozi saba: mwenye duka na mdogo wake, Bwana Nyama na askari wake wa wanyama, na wengine wakulima wa Masasi na wa huku juu. Watazamaji walijaa, na wauza karanga. Mke wangu alirushia watu wote visahani kutoka nyuma ya ukuta mdogo wa matofali, bila kumpendelea yeyote. Kama kuna aliyeonewa siku ile, ni mimi. Naapa vyangu vilikwenda kasi zaidi.

Bunduki ya marisau ilikuwa ya kwanza. Kila jozi ilitoa mpigaji mmoja, visahani kumi. Mwenye duka alivunja vinane. Mimi nilivunja saba, na nilipogeuka niliona mzee ametazama chini, anavitabasamia viatu vyake.

Kisha gobore. Mzee alishindilia kwa utulivu wake wote, akaweka fataki, akanyanyua. Kibuyu chetu kilikuwa juu ya kichuguu, hatua hamsini, cheupe kabisa, na kila jozi iliruhusiwa kupiga mara mbili. Alilenga. Akateremsha mtutu. Akalenga tena. Mtutu ulikwenda kushoto, ukarudi, ukaenda kulia kupita kibuyu, kama mkono wa mtu anayepapasa kitasa gizani. Watu wakaanza kunong'ona.

"Mwalimu," alisema.

Nilitazama nyuma nikidhani anamwita mwalimu mwingine.

"Wewe. Njoo karibu."

Nilisogea. Alizungumza kwa sauti ndogo, bado ameelekea mbele.

"Kibuyu kiko wapi?"

"Kiko juu ya kichuguu, baba."

"Kichuguu nakiona. Kibuyu sikioni. Sijakiona kibuyu tangu mvua za mwaka jana."

Nilielewa yote kwa pamoja: kwa nini alinipa vinavyoruka, kwa nini alikaa kwenye kigoda akiwa amenipa mgongo, kwa nini zile Jumamosi alikuwa mwepesi wa kubisha na mzito wa kupiga. Nilitaka kumwambia tuache, twende nyumbani. Lakini alikuwa ameshika gobore lake kwa namna ambayo haikuniruhusu.

"Nielekeze," alisema. "Usiniguse. Sema tu."

Nikasimama nyuma ya bega lake. "Kulia kidogo. Tena. Hapo. Juu, upana wa kidole. Umezidi, shuka."

Alifyatua. Moshi ulitufunika sote wawili. Ulipoondoka, kibuyu kilikuwa pale pale na vumbi lilikuwa likimwagika chini yake.

"Chini," nilimwambia. "Kiganja kimoja chini."

"Kwa hiyo juu kiganja kimoja."

"Ndiyo, baba."

Mtu mmoja kwenye jozi nyingine alipaza sauti kwamba huo si ushindani, watu wawili hawawezi kupiga bunduki moja. Bwana Nyama alimwangalia mwenye duka. Mwenye duka alifungua daftari lake la kanuni, akasoma ukurasa mzima midomo ikicheza, akalifunga.

"Hapa imeandikwa mshindani asimguse mwenzake," alisema. "Kusema hakukukatazwa. Endelea, mzee."

Kushindilia tena kulichukua muda uleule wa siku zote. Hakuna aliyebishana safari hii. Nilimwelekeza polepole, na nilipomwambia hapo, alisubiri pumzi mbili zaidi, akafyatua. Kibuyu kilipasuka, kipande kikaruka juu kikashuka kikizunguka. Watu walipiga kelele. Mzee hakusogea.

"Kimepasuka?"

"Kimepasuka, baba."

"Sema kweli."

"Kimebaki kipande cha mdomo tu."

Alinipa gobore nilishike, akajipangusa uso kwa upindo wa shati, kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Bunduki ya risasi ilipaswa kuwa yake pia. Aliisukuma kwangu. Sikuwahi kuigusa. Nilitia risasi mbili kwenye karatasi kati ya tano, na nyingine moja iliua bua la mtama lililokuwa halihusiki. Tukawa wa tatu. Mwenye duka na mdogo wake walishinda, na mwenye duka akaja kumshika mzee mkono kwa mikono yake miwili.

Usiku ule tulilala kwa wazazi wangu. Mke wangu hakunilaumu, ila aliniambia kwamba nimezungumza na baba yake mbele ya nusu ya wilaya, na hilo halirudishwi nyuma. Tulipofika Mnyambe nilipeleka kuku jike na kaniki kwa wazee wa ukoo, kama alivyonielekeza, na mwiko ukafunguliwa, tukaruhusiwa kuzungumza. Siku kadhaa za kwanza, mimi na mzee hatukujua tuseme nini. Tulizungumzia baruti.

Baada ya mwezi mmoja nilimsindikiza hospitali ya misheni. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walimpasua jicho moja kwanza, na alikaa kitandani siku nyingi na mifuko ya mchanga ubavuni mwa kichwa asigeuke, akinung'unika kwamba hata nguruwe hafungwi hivyo. Siku alipopewa miwani, mioo yake minene kama kitako cha chupa, nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Alinitazama sana.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema.

"Ndivyo, baba."

"Nilidhani u mnene."

Miwani ile haikumfaa kulenga. Kila kitu alikiona kikubwa na karibu mno. Gobore akanipa mimi nilitunze, na boma wakabadili cheti. Lakini mwaka uliofuata Masasi walimfanya mwamuzi wa visahani, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumbishia. Alisimama na miwani yake na fimbo, na mke wangu nyuma ya ukuta wake wa matofali. Kisahani changu cha tisa nilikigusa ubavuni; sote tuliona kipande kikiruka.

"Hakikuvunjika," mzee alitangaza.

"Baba! Kimevunjika!"

"Kimemeguka."

Nilimgeukia mke wangu. Yeye ndiye aliyevitengeneza, neno lake lilikuwa na uzito. Alichungulia juu ya matofali, mikono imejaa vumbi jekundu.

"Kimemeguka, mwalimu," alisema. "Simama vizuri, narusha cha kumi."