Kochi la Baba Kevo

Leo mtu ameniambia nchi imejaa, na amekalia kochi langu.

Tulikuwa tumetoka kanisani, tunakunywa chai kwangu hapa Champlin, Marekani. Baba Kevo, siku hizi raia mwenye kura, akaanza: "Hawa wanaokuja sasa wafungiwe mlango. Sisi tulifika hapa kwa bidii yetu."

Bidii yetu!

Nikamwongezea chai kwanza. Halafu nikamuuliza polepole, "Baba Kevo, hilo kochi unalikumbuka?"

Chapati ikabaki hewani.

Jamani, alipofika nchi hii alilala hapo miezi saba! Miguu ilizidi kochi, nikamwekea stuli. Nikitoka shift ya usiku asubuhi, nilikuwa naingia kwangu kwa kunyata, nisimwamshe.

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Binti yao akauliza, kwa Kizungu chake, kama ni kweli. Baba Kevo akamwambia, "Wewe kunywa chai yako."

Sikatai, serikali ina sheria zake. Lakini mlango uliopitia wewe, usinitume mimi nikaufunge.

Ijumaa naenda airport kupokea mgeni mwingine. Blanketi nimeshalifua, lile lile la Baba Kevo.

Na wewe, ulipofika ulilala kwa nani? Mtaje hapa chini.