Samaki wa Mama Birikani

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina kisima uani, na kando yake birika la chokaa ambamo mama alifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mama alipofariki, kaka yangu alitia pampu kisimani, na bomba lake likaingia hadi chini ya maji ya birika, ili baba asihangaike na ndoo. Ule mfereji mfupi wa mawe, ambao mama alimimina maji juu yake yakateremka mbio na kuangukia birikani, ukakauka.

Mimi kazi yangu ni kupima maji ya mito huko bara, kwa hivyo nikija nyumbani sitaki hata kuyatazama. Lakini baba alinipigia simu, mnyonge kabisa, akasema samaki wa mama wanakufa. Nikaja. Aliporudi kuswali alfajiri tulisimama uani pamoja. Samaki waliobaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi.

"Wana ndaa hawa," akasema. "Tangu mamako kuondoka hawashibi."

Akawamegea mkate wa mofa, karibu wote. Baba huyu, aliyetugawia sisi watoto mkate kwa kipimo! Roho iliniuma, maana nilijua si njaa. Walikuwa wakitafuta pumzi.

Ule utando wa kijani unaoteleza kwenye kuta za birika una uhai. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mchana, penye jua, vile vya kijani hutoa hewa ndani ya maji; usiku vyote huvuta. Mkate ukioza chini, vinavyoula huongezeka na kuvuta zaidi. Mtoni maji hutembea na kuanguka, yakachukua hewa mpya njiani. Ya birika letu yalikuwa yamesimama, na kufikia alfajiri samaki hawakuachiwa kitu.

Sasa nitamwambiaje mzee kwamba mapenzi yake ndiyo yanayowakaba samaki wa mkewe? Nikaanza kuzungukazunguka, mara hali ya hewa, mara chokaa, mpaka akachoka.

"Nambia, mwanangu. Ni mkate, siyo?"

Nikamwambia ni mkate, na ni bomba pia. Maji yanataka kukimbia na kuanguka. Akautazama ule mfereji mkavu.

"Nami miaka yote nikimgombeza mamako," akasema. "Natoka kuswali nataka kujinyosha kidogo, yeye na ndoo zake, kelele tupu."

Siku hiyo hiyo nililikata bomba nikalielekeza juu ya mfereji, na mkate ukapigwa marufuku. Samaki walishuka chini wakaendelea na mbu wao.

Nilipokwenda tena kumtembelea, baba alirudi kutoka msikitini alfajiri, akafungua maji, akaenda kujilaza na dirisha la uani wazi. Nikamwambia samaki wamepona, anaweza kuyafungua baadaye, apumzike kwanza. Akanijibu kwamba bila ya kelele ile hapati usingizi.