Sufuria la Msiba

Juzi nilipita kwa mafundi wanaoyeyusha vyombo vibovu na kusubu sufuria mpya pale Iringa mjini. Harufu ya mchanga mbichi uliokutana na alumini ya moto ikanipiga usoni, nikasimama kama niliyeitwa jina. Nilirudi uani kwetu Uyole, nina miaka tisa, nina masizi puani na hasira ya kutosha watu wazima watatu.

Baba alipofariki alituachia gari la zamani, kongwe kuliko mama, ambalo spea zake hazikuwepo tena dunia hii. Msiba ulipokwisha, baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja na futikamba pamoja na mzee wa kanisa. Akapima kutoka kwenye bampa mpaka kwenye ua, kisha mpaka mlangoni. Mimi nilidhani chuma chakavu huuzwa kwa futi.

"Mama Tumpe, hiki ni chuma tu. Jumamosi naleta lori."

"Na likiwaka, shemeji?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Likiunguruma robo saa bila kuchemsha, halitatoka hapa. Mzee huyu shahidi."

"Umesikia, Tumpe?" mama aliniuliza mimi, si yeye. Nikasema nimesikia. Nilimchukia baba mkubwa siku ile, na sijutii.

Kilichokufa kilikuwa mfuniko wa pampu ya maji ya kupozea injini, kipande cha alumini chenye ukubwa wa kiganja, kimepasuka katikati. Mama alikulia Rujewa, ambako babu aliyeyusha sufuria mbovu na kuzisubu kuwa miiko, kwa hiyo kazi aliijua. Alichokosa ni alumini, mpaka macho yake yalipoangukia sufuria kubwa la msiba, lile lililowapikia wali kina baba mkubwa wiki nzima. Akalikata kwa shoka.

"Wameshakula," alisema.

Tulishindilia mchanga kwenye kasha la mbao, tukakandamizia mfuniko wa zamani tulioubandika kwa nta, tukautoa ukaacha umbo lake. Nilivuta mivukuto ya kupulizia moto mpaka mikono ikafa ganzi. Tulipomimina, niliruka kwa furaha. Ulipopoa, bolti mbili zikaingia, mbili zikakataa. Alumini hunywea ikipoa, nasi tulikuwa tumeunakili ule mbovu vile vile. Ilikuwa Ijumaa. Nililia huku nikitukana, na mama, mwanakwaya, hakunikataza.

"Kibovu tusikiulize tena," alisema. "Tuulize injini yenyewe."

Akanichanisha karatasi kwenye daftari la hesabu, nikaibana juu ya mdomo wa pampu na kuisugua kwa mkaa. Matundu manne yakajichora. Tukaziba matundu ya mfuniko wa zamani kwa ugali, tukasubu mwingine usio na tundu hata moja, kisha tukautoboa kwa keekee tukifuata karatasi yangu. Bolti zote nne zikaingia.

Jumamosi lori likasimama getini. Mama, ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli, alikaa kwenye usukani akaliwasha kwa betri ya kuazima. Gari likakohoa, likamtemea baba mkubwa moshi mweusi, kisha likaunguruma. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Mzee wa kanisa alimnyooshea mama mkono kuashiria kwamba inatosha. Mama hakuzima mpaka lori lilipogeuza.

Kwa miaka mingi niliamini alikuwa akipigania kumbukumbu ya baba. Nilishakuwa na nyumba yangu ndipo nikaielewa ile futikamba. Baba mkubwa hakuwa akipima gari. Alikuwa ameshamwahidi mtu nusu ya kiwanja chetu, na gari lilisimama katikati yake. Mama alijua tangu siku ile, akaninyamazia ili nilale usingizi.

Tangu siku ile gari halijavuka geti. Lakini kila Krismasi ndugu za baba wanapokuja, mama, mvi kichwa kizima, hutoka kwanza uani akaliwasha, akaliacha liungurume robo saa. Ndipo huwakaribisha chai.